Kivimbe kwenye ziwa la mama anayenyonyesha: acha maji ya moto, acha kitana

“Assalamu alaikum. Niko Malindi, nina mtoto wa wiki saba, ndiye wa kwanza. Ijumaa tulikwenda harusini, nikavaa sidiria mpya inayobana. Mtoto alibaki kwa bibi yake tangu alasiri hadi usiku, akapewa maziwa niliyokuwa nimeyakamua. Jumamosi asubuhi niliamka na kivimbe kigumu ziwa la kulia, upande wa kwapani, kikubwa kama ndimu. Mavyaa anasema mtoto amelicheulia ziwa. Amenikanda kwa maji ya moto asubuhi na jioni, na akalichana kwa kitana kutoka juu kuja kwenye chuchu ili donge lipasuke. Mimi nimekuwa nikikamua kwa pampu kila baada ya saa mbili mpaka pasitoke kitu. Leo Jumatatu kivimbe kimezidi, ngozi ina joto, nikipima homa ni 37.6. Jirani mmoja ananiambia maziwa ya upande huo yameoza nisimpe mtoto, mwengine anasema mume wangu anyonye. Duka la dawa wameniuzia amoksilini lakini sijaanza kumeza. Nifanyeje?”

Wa alaikum salaam, mama, na hongera kwa mwana. Nianze na hilo linalokutia hofu zaidi: maziwa hayajaoza, na mtoto aendelee kunyonya upande huo leo hii. Kwa dalili ulizozitaja, hili bado ni ziwa lililovimba na kubana mirija yake. Kwa kawaida hali hii hupungua nyumbani ndani ya siku moja au mbili, lakini kwanza muache mambo matatu: maji ya moto, kitana, na pampu ya kila saa mbili. Najua ndiyo mliyoyategemea tangu Jumamosi. Naona pia kuwa ndiyo yaliyokikuza kivimbe.

Wengi tukisikia “mrija umeziba” tunaona akilini donge la maziwa yaliyoganda, limekwama ndani ya mrija na linangoja kusukumwa. Ushauri wa miaka mingi ulijengwa juu ya picha hiyo: kanda kwa moto, bonyeza kwa nguvu, kamua mpaka tone la mwisho. Mwaka 2022 Academy of Breastfeeding Medicine, jumuiya ya kimataifa ya madaktari wanaoshughulikia unyonyeshaji, ilitoa mwongozo mpya wa maradhi ya ziwa, na ushauri huo ukageuzwa karibu wote. Usishangae basi ukisikia jambo moja kwa mkunga wa zamani na jingine kliniki.

Ndani ya ziwa mna vifuko vidogo sana vinavyotengeneza maziwa. Kutoka kwenye vifuko hivyo huanza mirija myembamba inayoungana na mingine njiani hadi kwenye chuchu, ambako kwa wastani kuna matundu tisa hivi. Wako wenye manne, wako wenye kumi na manane. Hata mrija mkubwa ulio karibu na chuchu upana wake ni kama milimita mbili, na ukuta wake ni laini, ukibanwa unalala. Mirija hiyo imezungukwa na nyama, mishipa ya damu, na mishipa ya limfu inayoondoa maji ya ziada. Maziwa yakikaa muda mrefu bila kutoka, vifuko hujaa na kutanuka, damu huzidi kuja sehemu ile, maji huvujia kwenye nyama, na nyama huvimba. Ikishavimba inaibana mirija kutoka nje. Maziwa hayapiti kwa kuwa njia imebanwa, wala hakuna kizibo cha kusukuma. Hilo unalolishika kwa kidole ni nyama iliyovimba na maziwa yaliyojikusanya nyuma yake. Hakuna cha kupasua pale. Wakati mwingine hutoka vipande vizito au nyuzi za maziwa, na mtu akadhani ndicho kizibo chenyewe. Ni mafuta na protini ya maziwa yaliyokaa, na mtoto akiyameza hayamdhuru.

Sasa tazama siku zako tatu. Ijumaa sidiria ilibana upande wa kwapani, na ziwa likakaa tangu alasiri hadi usiku bila kunyonywa. Hapo uvimbe ulianza. Jumamosi ukaja moto. Moto hutanua mishipa ya damu, nayo ikitanuka maji yanazidi kuvujia kwenye nyama ambayo tayari imejaa. Halafu kitana. Meno ya kitana yakikokotwa juu ya nyama iliyovimba huvunja vishipa vidogo vya damu na kuumiza mirija, na nyama iliyoumizwa huvimba zaidi. Pampu nayo ina hesabu yake: ziwa hutengeneza kwa kadiri linavyotolewa. Ukilikamua mpaka likauke kila saa mbili, juu ya mtoto anayenyonya, ziwa linadhani umezaa pacha na linaongeza. Maziwa yanazidi nyuma ya njia iliyobanwa.

Kucheulia, kwa heshima zote kwa mavyaa wako, si sababu. Upepo unaotoka tumboni mwa mtoto hauna njia ya kuingia ziwani na kulivimbisha. Ila wazee waliona jambo la kweli, kwamba ziwa hufura ghafla baada ya mtoto kuliachia, wakalitafutia sababu waliyoweza kuiona kwa macho.

Kwa leo, cha kwanza ni baridi. Gandisha chupa ya maji ya nusu lita, au ponda barafu uitie kwenye mfuko safi, kisha ukunje ndani ya leso, tabaka mbili. Weka juu ya kivimbe dakika 10 hadi 15, ondoa, rudia kila baada ya saa moja au mbili ukiwa macho. Barafu isiguse ngozi moja kwa moja, inaunguza vilevile, na usiiweke juu ya chuchu. Kama hamna friji, kitambaa kilicholoweshwa maji ya mtungini kinasaidia, mradi ukibadilishe kila kinapopata joto. Jani la kabichi lililooshwa na kutiwa kwenye friji linafaa pia, na nionavyo linafaa kwa ubaridi wake kuliko dawa yoyote iliyomo ndani yake. Kama ulishazoea moto na maziwa yako hayashuki bila huo, kitambaa cha vuguvugu kwa dakika moja kabla tu ya mtoto kushika ziwa hakina neno. Kukandwa nusu saa ndiko kunakodhuru.

Cha pili ni kupunguza uvimbe kwa mkono, na hapa mkono uende kinyume cha kitana. Lala chali, mkono wa kulia uweke juu ya kichwa. Kwa ncha za vidole vya mkono wa kushoto zungusha polepole juu ya mfupa wa bega wa mbele, yaani mtulinga, pale shingo inapokutana na bega, mara kumi. Zungusha tena kwapani mara kumi. Kisha pitisha kiganja kuanzia karibu na chuchu kwenda nje, kuelekea kwapani na kuelekea mfupa wa bega. Limfu huelekea huko, na wewe unaisaidia kuondoka. Mkono uwe mwepesi, kama wa mtu anayempapasa paka wa Lamu aliyelala barazani na hataki aamke. Ukiona unasikia maumivu, au ngozi inabaki na alama ya vidole, umezidisha. Mafuta ya nazi kidogo mkononi ni sawa, ila yasifike kwenye chuchu, mtoto atashindwa kushika.

Cha tatu, dawa ya uvimbe. Ibuprofen milligramu 400 baada ya chakula, kila baada ya saa nane: tuseme saa 1 asubuhi, saa 9 alasiri na saa 5 usiku, kwa siku mbili au tatu. Inayoingia kwenye maziwa ni kidogo mno na haimdhuru mtoto. Usiimeze bila kumuuliza daktari ikiwa una vidonda vya tumbo, maradhi ya figo, pumu, au kama presha ilikupanda wakati wa mimba au baada ya kujifungua. Hapo chukua parasetamoli, vidonge viwili vya milligramu 500 kila baada ya saa sita hadi nane, visizidi vinane kwa siku. Parasetamoli hutuliza maumivu na homa lakini haigusi uvimbe sana, ndiyo maana naitanguliza ibuprofen. Aspirini usitumie.

Kunyonyesha kwenyewe kurudi kuwa kwa kawaida: mtoto anapotaka, ambako kwa wiki saba ni mara nane hadi kumi na mbili kwa usiku na mchana. Si lazima uanze na upande unaouma kila mara. Ukimwanzisha huko kila mara kwa nia ya kulimaliza ziwa, unarudi kulekule kwa pampu. Ikiwa ngozi inayozunguka chuchu imekaza hata mtoto anateleza, weka ncha za vidole kuzunguka shina la chuchu, bonyeza taratibu kuelekea kifuani na ushikilie kwa dakika moja. Uvimbe husogea nyuma, sehemu ile inalegea, na mtoto anapata pa kushika. Hakikisha anaingiza sehemu kubwa ya weusi mdomoni, kidevu kimegusa ziwa, na hakuna sauti ya ulimi kudata. Usimwinamie mtoto kwa kuning’iniza ziwa juu yake, kama wengine wanavyoshauri; mvuto haufungui mrija uliobanwa, na mgongo utakuuma bure. Anaweza kugoma kidogo au kukunja uso, kwa sababu chumvi huongezeka kwenye maziwa ya ziwa lililovimba. Hiyo ndiyo ladha ambayo watu huiita kuoza.

Pampu iweke kando. Mtoto akilala na ziwa likakuuma kwa kujaa, kamua kwa mkono dakika mbili tatu, uache likishalegea, hata kama maziwa bado yapo. Gumba juu, vidole chini, sentimita mbili tatu nyuma ya chuchu. Sukuma kuelekea kifuani kwanza, ndipo ubane, kisha achia. Vidole visiteleze juu ya ngozi. Kesho au keshokutwa ziwa litajisikia limejaa kupita kiasi kwa muda, kwa kuwa ulilizoesha kutoa mara kumi na mbili. Vumilia, weka barafu. Linapunguza lenyewe ndani ya siku chache. Siku utakayorudi kutumia pampu, iwe ni pale tu uko mbali na mtoto, na kikombe chake kikutoshe: chuchu iende mbele na nyuma bila kusugua pembeni.

Sidiria ile ya harusini ipumzike. Vaa inayoshikilia bila kuacha alama, na usilifunge ziwa kwa leso. Maji kunywa kwa kiu. Kujilazimisha majagi matatu hakufungui mirija.

Kuhusu mume kunyonya: hana nguvu ya kumshinda mtoto katika kazi hii, na mdomo wa mtu mzima una bakteria wengi wa kuingia kwenye chuchu yenye mchubuko. Anaweza kukuletea barafu.

Amoksilini usiianze. Kwanza, kivimbe cha namna hii bila homa hakihitaji dawa ya kuua bakteria. Dawa hiyo inaweza kukuachia fangasi na tumbo la kuharisha kwa mtoto, na kivimbe kikabaki palepale. Pili, hata bakteria wakiwamo, mara nyingi ni Staphylococcus aureus, na wengi wao wana kimeng’enya kinachoivunja amoksilini. Ndiyo maana madaktari huandika dawa nyingine, kwa kawaida kloksasilini au flukloksasilini, milligramu 500 mara nne kwa siku kwa siku 10 hadi 14, na humezwa tumbo likiwa tupu. Hiyo iandikwe na aliyekupima. Ukishaianza, maliza, hata siku ya tatu ikikukuta mzima.

Homa ipime kwapa la kushoto. Nasisitiza hili kwa sababu kwapa la upande wenye uvimbe lina joto la ziwa na linaweza kukudanganya. Huenda hiyo 37.6 imetoka huko. Na usingoje wekundu. Vitabu vingi vinasema ngozi huwa nyekundu, lakini kwa ngozi zetu nyeusi huonekana kama imekolea, imekaza na kung’aa, tena ina joto ukiigusa kwa mgongo wa kiganja. Chora mpaka wa sehemu hiyo kwa kalamu leo jioni, utazame asubuhi kama umevukwa.

Nenda hospitali siku hiyohiyo ukipata homa ya 38 au zaidi na baridi ya kutetemeka na viungo kuuma, au kama mpaka wa kalamu umevukwa, au ikipita saa 24 ya kufanya haya bila nafuu yoyote. Ikiwa mapigo ya moyo yanakwenda mbio, unahisi kuzimia au akili inachanganyika, usingoje hata saa moja. Kwako Malindi hospitali ya serikali iko mjini. Lamu mjini iko King Fahd. Anayesoma haya akiwa kisiwani Pate, huko Faza, Kizingitini au Siyu, apige hesabu yake mapema zaidi: hospitali ya Faza ndiyo iliyo karibu, na kama atalazimika kuvuka kwenda Lamu, boti hupita mkondo wa Mkanda kwa kufuata maji kujaa, na upepo wa kusi unaweza kuharibu safari. Homa ikianza magharibi, tafuta usafiri usiku huo kwa maji yatakayojaa, usipange kungoja uone kesho itakuwaje.

Kuna kundi moja ambalo ushauri wa kuendelea kunyonyesha upande wenye uvimbe hauwahusu vivi hivi: mama anayeishi na virusi vya UKIMWI. Ziwa lililovimba, lenye jipu au chuchu iliyopasuka huongeza virusi kwenye maziwa. Anyonyeshe upande mzima, upande mgonjwa akamue na kumwaga, asiache dawa zake hata siku moja, na aende kliniki yake mara moja wamuelekeze.

Usipopata matibabu na bakteria wakaingia, panaweza kutunga jipu. Dalili yake ni kivimbe kinachozidi kuuma mahali pamoja, na ukikibonyeza katikati kinabonyea kama kina maji. Hapo dawa peke yake haitoshi. Daktari hupima kwa ultrasaundi na kuvuta usaha kwa sindano, wakati mwingine mara mbili tatu. Jipu kubwa hupasuliwa. Hata hivyo mara nyingi mtoto huendelea kunyonya, mradi mdomo wake haufiki kwenye kidonda. Usikubali mtu alitumbue nyumbani kwa wembe au sindano. Hivyo hivyo ukiona kidoa cheupe kwenye ncha ya chuchu, usikichome. Kinaziba zaidi kinapopona. Daktari ana krimu nyepesi ya kupaka.

Mavyaa wako usimwambie kwamba amekuumiza. Mwambie daktari amesema ziwa linataka baridi, na mpe kazi: amshike mtoto wakati umelala na barafu, akupikie uji, na akitaka kukukanda akukande mgongo na miguu, kwa moto anaoutaka. Ule mkono mwepesi wa kwenda kwapani pia anaweza kukufanyia, ukishamwonyesha uzito wake.

Tarajia kivimbe kulegea kesho au keshokutwa. Maumivu huondoka kabla ya ugumu, na sehemu hiyo inaweza kubaki nyeti kwa wiki moja hivi, hilo halina shida. Kikibaki vilevile baada ya wiki mbili, au kikirudi mahali palepale mara ya pili na ya tatu, omba ultrasaundi ya ziwa. Mara nyingi hukutwa ni kifuko cha maziwa tu, lakini uvimbe usioondoka kwa mwanamke anayenyonyesha hupimwa kama wa mwanamke mwingine yeyote, maana kunyonyesha hakuzuii saratani kutokea wakati huohuo. Kikirudi mahali tofauti, tazama kwanza nguo, mkoba unaobana kwapani, namna mtoto anavyoshika, na kama umerudia pampu.